Sura ya 7: Ruhusa Hufuata Kazi

Ruhusa kwa majukumu ni njia ya kugawa mamlaka ndani ya mfumo wa kompyuta bila kumgawia mtu mmojammoja. Ruhusa hufungwa kwenye jukumu, kisha mtu hukabidhiwa jukumu. Akihamishwa, akistaafu au akipandishwa, anavuliwa jukumu lile na ruhusa zake zote zinamtoka kwa mara moja, na anayekuja anavikwa lilelile. Mganga mfawidhi wa zahanati akipata uhamisho kutoka Nachingwea kwenda Liwale, msimamizi wa mfumo halazimiki kukumbuka ni fomu zipi alikuwa akijaza, ripoti zipi alikuwa akisoma na namba ipi ya simu ilikuwa ikipokea tahadhari. Anabadilisha mstari mmoja.

Mfumo wa kusimamia matukio nao ni programu inayopokea taarifa ya jambo lisilo la kawaida na kulifuatilia mpaka limalizike: nani ameliona, lini, wapi, nani amepewa kulishughulikia, limefikia wapi, limefungwa kwa sababu gani. Jambo lenyewe linaweza kuwa seva ya benki iliyozimika saa nane usiku, moto sokoni, lori la mafuta lililopinduka au homa isiyojulikana. Mifumo ya namna hii huvutwa pande mbili. Inahitaji taarifa ziingie upesi kutoka kwa watu wengi iwezekanavyo, na wakati huohuo inahitaji maamuzi yatoke kwa watu wachache wanaojulikana kwa majina. Ruhusa zikipangwa ovyo, ama taarifa hukwama njiani zikisubiri idhini ya mtu aliye kikaoni, ama tukio hupewa jina, idadi na hitimisho na mtu ambaye kazi hiyo si yake.

Mawazo yaliyozaa utaratibu huu ni ya zamani kidogo. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wote wa MIT nchini Marekani, waliandika kanuni kadhaa za kulinda taarifa kwenye kompyuta. Mbili kati ya hizo zimedumu kuliko nyingine: kila mtumiaji apewe mamlaka ya chini kabisa yanayomtosha kufanya kazi yake, na mahali ambapo mfumo haujaambiwa lolote, jibu liwe ni kukataa. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, waliandika rasmi muundo wa ruhusa kwa majukumu. Ravi Sandhu na wenzake waliupanua mwaka 1996, na kufikia 2004 ulikuwa kiwango rasmi cha taifa hilo. Tangu hapo umeingia karibu kila mahali. Programu za kusimamia matukio ya mitambo kama PagerDuty huwa na mmiliki wa akaunti, msimamizi, meneja, mshughulikiaji na mtazamaji. Majina hubadilika toka kampuni hadi kampuni. Mantiki ni ileile.

Hata hivyo seva iliyozimika ni mfano mwepesi. Ruhusa hupimwa kwelikweli pale tukio linapogusa maisha ya watu, siri za wagonjwa na ngazi tano za serikali kwa wakati mmoja. Mkoa wa Lindi, nchini Tanzania, unao mfano wa namna hiyo.

Homa ya Mbekenyera

Tarehe 7 Julai 2022 Wizara ya Afya ilipokea kutoka mkoani Lindi taarifa ya ugonjwa usio wa kawaida. Wagonjwa wawili walikuwa wamefika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu wa mwili na kutokwa damu puani. Ugonjwa wenye homa na damu huamsha hofu ya aina moja Afrika nzima, na sampuli zilipimwa Ebola na Marburg, pamoja na UVIKO-19. Majibu yote yalikuwa hasi. Tarehe 13 Julai Mganga Mkuu wa Serikali alipotoa taarifa kwa umma, wagonjwa walikuwa wamefikia 13 na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa ni leptospirosisi, ukaitwa Homa ya Mgunda. Idadi ya wagonjwa wakati huo ilikuwa 20, na vifo vilibaki 3.

Homa ya Mgunda husababishwa na bakteria anayeishi kwenye figo za panya na wanyama wengine, wa kufugwa na wa porini, na kutoka na mkojo wao. Binadamu huambukizwa kwa maji au udongo uliochafuliwa na mkojo huo, na dawa za antibayotiki humtibu. Kwa hiyo jina la ugonjwa lilikuwa na uzito mkubwa. Kwa siku 11, kati ya taarifa ya kwanza na tangazo la waziri, tukio lilikuwepo bila jina.

Tukio la namna hiyo likiingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, linafunguka kuwa vitendo kadhaa vinavyotofautiana. Kuna kuona, ambako ni kazi ya yeyote aliye karibu na mgonjwa. Kuna kuandika taarifa, kuihakiki, kuthibitisha ugonjwa kwa vipimo, kutangaza na kufunga. Kosa la kawaida la wabunifu ni kuvichukulia vitendo hivi kama ngazi moja ndefu ambamo anayeweza kufanya cha juu anaweza kufanya vyote vya chini. Mganga Mkuu wa Serikali anaweza kutangaza mlipuko mbele ya taifa. Hakuna sababu hata moja ya yeye kuwa na uwezo wa kubadilisha joto la mwili la mgonjwa aliyepimwa Mbekenyera. Mtaalamu wa maabara ana mamlaka juu ya matokeo ya sampuli ambayo waziri hana. Jukumu linatokana na kazi inayofanyika, na anayeijua kazi hiyo mara nyingi ana cheo kidogo.

Ngazi, mahali na hatua

Tanzania inafuatilia magonjwa kwa utaratibu wa pamoja ambao nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliukubali mwaka 1998. Magonjwa machache, kama kipindupindu na homa za kutoka damu, hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Mengine huripotiwa kila wiki, mengine kila mwezi. Zamani taarifa hizo zilipanda kwa fomu za karatasi, kwa basi, mpaka wilayani. Baadaye mhudumu wa zahanati aliwezeshwa kutuma hesabu kwa simu ya kitochi kupitia menyu za USSD, zikaingia kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameijenga kwa mahitaji ya nchi.

DHIS2 inafaa kuchunguzwa kwa karibu kwa sababu inaonyesha kwamba jukumu peke yake halitoshi. Kwenye programu hiyo mtumiaji mmoja hufungwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni jukumu lenyewe, yaani orodha ya vitendo: kuingiza takwimu, kuona ripoti, kuongeza watumiaji, kufuta. Cha pili ni mahali. Cha tatu ni kundi, kwa sababu kila fomu na kila programu ya ufuatiliaji ina orodha yake ya makundi yanayoruhusiwa kuiona au kuijaza. Mahali napo pamegawanywa: kuna eneo ambalo mtumiaji anaweza kuingizia taarifa, eneo ambalo anaweza kusoma ripoti zake, na eneo ambalo anaweza kutafuta mgonjwa.

Mgawanyo huo wa mahali ndio unaobeba uzito kuliko yote. Mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa Nachingwea na mwenzake wa Ruangwa wana jukumu moja, neno kwa neno. Wakitofautishwa kwa jukumu, mfumo ungehitaji majukumu mengi kama zilivyo halmashauri nchini. Badala yake jukumu linabaki moja, na mahali panamwekea kila mmoja mpaka. Hapa majina yanaweza kuponza. Wilaya ya Ruangwa ina kata inayoitwa Nachingwea, na jirani yake ni Wilaya ya Nachingwea yenyewe. Anayegawa ruhusa kwa kuchagua jina kwenye orodha bila kuangalia liko chini ya tawi gani anaweza kumpa mratibu wa wilaya nzima kata moja ya wilaya nyingine, au kinyume chake, na kosa lisionekane mpaka siku tahadhari itakapokwenda kwenye simu isiyohusika. Ndiyo maana mifumo hufunga ruhusa kwenye msimbo wa kituo au wa eneo. Jina la eneo ni la kusomwa na watu tu.

Mgonjwa naye hafuati mipaka ya halmashauri. Mtu wa kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, akiugua safarini, anaweza kutibiwa Ruangwa. Kituo kilichompokea kinaandika taarifa. Wilaya anakoishi ndiyo inayopaswa kwenda kuangalia nyumba, kisima na shamba lake. Mfumo ukimfungia mratibu wa Nachingwea ndani ya vituo vyake peke yake, hatamwona mgonjwa wa kwake. Suluhisho ni kumpa eneo la kuandika lililo dogo na eneo la kutafuta lililo pana zaidi, ili ajue kwamba mgonjwa yupo na amwombe mwenzake amfungulie.

Hatua ya tukio ndiyo mpaka wa mwisho, na husahaulika mara nyingi. Taarifa ikiwa bado ni tetesi, aliyeiandika anapaswa kuweza kuisahihisha: namba ya simu ilikosewa, umri uliandikwa vibaya. Wilaya ikishaihakiki, uwezo huo unafungwa, na marekebisho yanapita kwa aliyehakiki. DHIS2 ina utaratibu wa kuidhinisha takwimu unaofanya hivyohivyo: ngazi ya juu ikishaidhinisha, ngazi ya chini haiwezi kubadilisha mpaka idhini iondolewe. Bila kufuli hilo, idadi ya wagonjwa 13 iliyotangazwa Jumatano inaweza kusomeka 12 Alhamisi bila mtu yeyote kujua nani ametoa mmoja na kwa nini.

Karatasi moja ya mgonjwa

Ruhusa huonekana vizuri zaidi mtu akifungua rekodi ya mgonjwa mmoja. Juu kuna utambulisho: jina, jinsia, umri, kijiji, simu ya ndugu. Mganga wa kituo anaona na kuandika vyote. Mratibu wa wilaya anaona vyote kwa sababu timu yake italazimika kwenda kijijini. Ngazi ya mkoa mara nyingi inatoshwa na umri, jinsia na kata. Kitaifa, anayechora ramani ya mlipuko hahitaji jina la mtu hata siku moja. Anahitaji tarehe ya kuanza kuugua, eneo na hali ya mgonjwa.

Chini ya utambulisho kuna dalili, kisha sampuli. Sehemu ya sampuli ina nusu mbili zenye wenyewe tofauti. Tarehe ya kuchukua sampuli, aina yake na saa iliyoondoka huandikwa na kituo. Tarehe ya kupokelewa maabara, ubora wake na majibu huandikwa na maabara, na kwa kila mtu mwingine sehemu hiyo ni ya kusoma tu. Kwenye DHIS2 jambo hili hufanywa kwa kuitenga maabara kuwa hatua yake ndani ya programu ya ufuatiliaji, yenye makundi yake ya ruhusa. Sampuli ikifika imeharibika, maabara inaandika hivyo na kituo kinaona siku ileile. Kuona huko bila kuandika ni ruhusa kamili, si nusu ruhusa, na wabunifu wengi huinyima ngazi ya chini bila sababu. Mganga aliyetuma sampuli asiporudishiwa majibu, mara ya pili hutuma kwa uzito mdogo.

Mwisho wa rekodi kuna uainishaji: anayeshukiwa, anayedhaniwa, aliyethibitishwa. Hapa ndipo kanuni ya kutenganisha kazi inapoingia. Anayeandika mgonjwa kama anayeshukiwa asiwe ndiye anayemthibitisha. Kiwango cha 2004 kinatambua namna mbili za kutenganisha. Namna ya kwanza inakataza mtu mmoja kuwa na majukumu hayo mawili kabisa. Namna ya pili inamruhusu kuwa nayo yote, ila asiyatumie kwa pamoja. Kwenye hospitali kubwa namna ya kwanza inawezekana. Kwenye zahanati yenye watumishi wawili au watatu ni ndoto, kwa hiyo namna ya pili ndiyo inayofaa, ikiongezewa sharti kwa kila rekodi: nesi yuleyule anaweza kuhakiki taarifa za mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini mfumo unamkatalia kuhakiki aliyoiandika mwenyewe.

Mlango mpana wa kuingilia

Kuandika taarifa ya kwanza kunastahili kuwa ruhusa nyepesi kuliko zote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtendaji wa kijiji, mwalimu, mwenye duka la dawa: hawa huona kabla ya mganga. Huona kwamba watu watatu wamezikwa ndani ya wiki moja, mbuzi wanakufa, watoto kumi hawajaja shule. Kwa mtu wa namna hii mfumo unahitaji jukumu lenye kitendo kimoja tu, kutuma, na pengine kuona kama alichotuma kimepokelewa. Kituo cha SACIDS kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData kwa ajili ya kazi hii, ili jamii yenyewe iweze kuripoti magonjwa ya watu na ya wanyama.

Woga wa wasimamizi huwa ni taarifa za uongo au za kukosea. Woga huo una msingi, lakini dawa yake haipaswi kuwekwa mlangoni. Tetesi ikiingia haibadilishi idadi yoyote ya kitaifa. Inakaa kwenye foleni ya wilaya ikisubiri kuhakikiwa. Gharama ya tetesi kumi za bure ni asubuhi moja ya mratibu na mafuta ya pikipiki. Gharama ya tetesi moja ya kweli iliyonyimwa mlango haina kipimo.

Mlango wa kutokea ni jambo jingine, na ni mwembamba kwa makusudi. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaitaka kila nchi iwe na ofisi moja ya kuwasiliana na Shirika la Afya Duniani. Nchi ina saa 48 kupima kama tukio ni la kutisha kimataifa, na ikishajiridhisha ina saa 24 kulitolea taarifa. Kisheria hilo ni jukumu lenye ruhusa moja na mshika jukumu mmoja nchi nzima. Ndani ya mfumo wa kompyuta kitufe cha kutuma taarifa hiyo kisionekane kabisa kwa mtu mwingine. Kitufe kinachoonekana kila siku na kukataa kila siku huwazoeza watumiaji kupuuza makatazo.

Katikati ya milango hiyo miwili kuna ugumu ambao ni wa Tanzania hasa. Mganga mkuu wa wilaya ana mabwana wawili. Kiutumishi yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na juu yake TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kitaalamu anafuata miongozo ya Wizara ya Afya. Mfumo unaodhani kwamba kila jukumu lina mkuu mmoja tu utalazimisha taarifa ipite njia moja na kuinyima nyingine. Muundo wa ruhusa kwa majukumu hauna tatizo na hali hiyo: jukumu linaweza kuwa na wazazi wawili, na kila mmoja akapewa kuona kinachomhusu. Mkurugenzi anahitaji kujua kwamba kuna mlipuko, kata ipi, na fedha kiasi gani zinatakiwa. Hahitaji orodha ya majina ya wagonjwa. Mkuu wa wilaya, anayeongoza kamati ya usalama, vivyo hivyo.

Mifugo huongeza mlango mwingine. Ugonjwa unaotoka kwa panya na ng'ombe hauwezi kufuatiliwa na wizara ya afya peke yake, na Tanzania ina dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili hiyo. Maofisa mifugo wana mifumo yao, ikiwemo EMA-i, programu ya simu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya kuripoti magonjwa ya wanyama. Kuunganisha mifumo miwili hakumaanishi kumfungulia kila mmoja rekodi zote za mwenzake. Daktari wa mifugo anatoshwa na tahadhari yenye ugonjwa unaoshukiwa, kijiji na tarehe; rekodi ya mgonjwa inabaki hospitalini.

Kaimu, uhamisho na nywila ya wote

Kwenye karatasi, kila jukumu lina mwenyewe. Ofisini kuna kaimu. Mganga mkuu wa wilaya akienda semina Dodoma, ofisi inabaki na mtu, na mtu huyo anahitaji kuhakiki taarifa siku hiyohiyo. Mfumo usiojua ukaimu humlazimisha bosi kumwachia kaimu nywila yake. Kuanzia dakika hiyo kumbukumbu za mfumo zinasema uongo: zinaonyesha bosi alihakiki wagonjwa wanne akiwa kwenye basi. Tiba ni ukaimu wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, unaotolewa na mwenye jukumu au mkuu wake, unaoandikwa kwa jina la kaimu na kuisha wenyewe bila kungoja mtu akumbuke.

Uhamisho ni kaka wa ukaimu. Barua ya uhamisho hupita kwa ofisa utumishi, nakala kwa mhasibu, nakala kwenye faili. Nakala kwa msimamizi wa mfumo haipo kwenye orodha, na ndiyo maana akaunti za watu waliohama huendelea kuishi. Akaunti hizo hazileti madhara kwa muda mrefu, halafu siku moja zinaleta. Menyu za USSD zina tatizo lao la ziada, kwa sababu humtambua mtu kwa namba ya simu. Mtumishi akihama na laini yake, anahama na kituo mfukoni. Akiiacha laini kwa mrithi wake, mfumo unaendelea kumwita kwa jina la aliyeondoka.

Nywila ya wote ni ugonjwa sugu kuliko yote hayo. Kituo kina kishikwambi kimoja, akaunti moja, na nywila imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kava. Kuwakemea watumishi hakusaidii kitu. Mtu mwenye foleni ya wagonjwa 40 hawezi kutoka na kuingia kwenye mfumo kila dakika kumi, tena kwa nywila ya herufi kumi na mbili. Namba fupi ya siri ya kila mtumishi ndani ya kifaa kimoja, inayombadilisha mtumiaji kwa sekunde chache bila kufunga kazi, hufanya zaidi ya semina tatu za usalama wa mtandao. Mtandao nao ukikatika, kifaa huendelea kufanya kazi kwa ruhusa za mwisho kilizozijua, kwa hiyo aliyevuliwa jukumu asubuhi anaweza kuendelea kulitumia mpaka kifaa kitakapopata mawimbi. Kwa sababu hiyo vitendo vizito, kama kuthibitisha na kufunga, huwekwa viwe vya mtandaoni pekee, na kuandika taarifa kukaachwa kufanyike popote.

Kuna wakati ruhusa zilizopangwa vizuri kabisa huwa kikwazo. Mgonjwa ameletwa usiku, hajitambui, rekodi yake iko chini ya kituo kingine na mwenye kituo hapokei simu. DHIS2 ina kiwango cha ulinzi kinachomruhusu mtumiaji mwenye haki ya kutafuta kuifungua rekodi hiyo kwa muda wa saa chache, kwa sharti kwamba aandike sababu kwanza. Sababu hiyo hubaki kwenye kumbukumbu. Faida ya mlango huu wa dharura inategemea jambo moja lisilo la kompyuta: kwamba kuna mtu anayezisoma sababu hizo kila wiki. Sababu zikisomeka "dharura" mara sitini mfululizo, mlango umeshakuwa wa kawaida, na ruhusa za kila siku zimewekwa finyu mno.

Sheria na kufunga

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, mwaka uleule wa Homa ya Mgunda, na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimo kati ya zile ambazo sheria inazipa ulinzi wa ziada. Anayezikusanya anatakiwa azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde zisifikiwe na asiyestahili. Mahakamani, jedwali la majukumu na kumbukumbu za mfumo ndivyo vitakavyoonyesha kama ulinzi huo ulikuwepo. Msimamizi wa mfumo mwenyewe ndiye anayepaswa kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Ana uwezo wa kumpa mtu yeyote jukumu lolote, pamoja na yeye mwenyewe, na kwenye halmashauri nyingi ni ofisa TEHAMA mmoja. Busara ni kumpa uwezo wa kugawa majukumu bila uwezo wa kusoma rekodi za wagonjwa, na kuzihifadhi kumbukumbu mahali ambapo hawezi kuzifuta.

Tukio hufungwa na ngazi iliyolithibitisha au ya juu yake, haliachiwi kituo kilicholiandika. Kwa magonjwa ya kuambukiza huhesabiwa muda wa ugonjwa kujificha mwilini kabla ya dalili, ambao kwa Homa ya Mgunda unaweza kufika siku 30, na kuongezewa siku za tahadhari. Likishafungwa, majukumu ya muda yaliyotolewa kwa timu za kutoka nje ya wilaya yanaondolewa: wataalamu wa maabara, wachunguzi, watu wa mashirika. Rekodi hazifutwi. Watafiti wanaozihitaji hupewa nakala isiyo na majina wala simu, na pale wagonjwa ni 20 tu katika wilaya moja, kijiji nacho huondolewa, kwa sababu umri, jinsia na kijiji vinatosha kumtambulisha mtu. Ruhusa ya kulifungua tena tukio inabaki wilayani, kwa mratibu, bila kusubiri idhini ya mkoa, maana mgonjwa wa kwanza wa mara ya pili ataonekana na kituo kilekile kilichomwona wa kwanza.